Mkwe Mgongoni Mwangu

Kwetu Usukumani mama mkwe hagusiki. Mimi na mama wa mke wangu hatukuwahi kupeana mkono wala kula pamoja, na akiwa na neno nami alimtuma mtu. Sikuilalamikia desturi hiyo. Nimeona wengi waliozoeana na wakwe zao mpaka wakavunjiana heshima. Lakini pumu haijui ukwe.

Ilimbana mchana kwenye bani, kibanda cha kukaushia tumbaku, alikoshinda akivuta hewa yenye moshi. Mke wangu, ambaye ni mwalimu, alikuwa Kahama kikazi, na bodaboda zote za kijiji zilikuwa mnadani. Tulibaki yeye, mimi na pikipiki yangu, na jirani mmoja mjamzito aliyekaribia kujifungua. Kadi ya bima ilikuwepo, kwa kuwa mke wangu alimwandikisha mama yake kama mtegemezi. Sasa kadi itasaidia nini ikiwa mgonjwa hataki kupanda? Kusema hakuweza. Aliunyooshea mgongo wangu kidole, akatikisa kichwa. Nilikasirika.

“Mayu, panda!” jirani alimfokea, akimwita mama kwa Kisukuma. “Ukwe utauheshimu ukiwa hai!”

Akampandisha kwa nguvu, akamfunga kwangu kwa khanga.

Njiani kifua chake kilipiga filimbi, kisha filimbi ikafifia, nami nikaanza kulia. Mara mikono yake ikanikaza kiunoni. Nikajua ndiyo anakata roho. Nililia zaidi, mwanaume mzima, huku nikimsihi, “Mayu, usife, tumekaribia.”

Hospitalini hawakuanza na kadi. Walimwekea oksijeni, wakampa dawa ya kuvuta, na alipoanza kupumua vizuri ndipo dada wa mapokezi akaitaka kadi na kuniuliza mimi ni nani wake.

“Mkwe.”

Aliitazama khanga iliyoning'inia kiunoni mwangu. Msukuma mwenzangu huyo.

“Mkwe! Na umembeba wewe?”

“Ulitaka abebwe na nani, tumbaku?”

Akaandika.

Mke wangu alipofika, mimi nilikuwa nje ya mlango, nimewapa kisogo kama inavyopasa. Mama alizungumza naye polepole, ila kwa sauti ya kunifikia.

“Mwambie mumeo nilimsikia akilia. Njia haioni, pikipiki inayumba. Ndiyo maana nilimkaza, asije akaanguka.”