Mwanga Juu ya Makongeni

Mwaka nilioingia kidato cha tatu, stima zilikuwa zikipotea Makongeni kila mara, mtaa mzima ukibaki bila taa. Jioni moja zilipotea mimi na mama tukiwa kwenye mfereji na wanawake wengine wa laini yetu ya nyumba, tunangoja madebe yajae. Giza ndiyo kwanza lilikuwa linaingia. Mama akanishika mkono, akanyoosha kidole juu.

Juu ya mapaa ya nyumba za reli kulikuwa na mwanga wa rangi ya chungwa, mkubwa kuliko nyota yoyote, wala hauna sauti. Ulisimama palepale. Kisha ukapanda polepole, ukasimama tena, ukakata kuelekea Jogoo Road, ukatoweka. Maji yalimwagika, na hakuna aliyekumbuka kufunga mfereji.

Jumapili, mzee wa kanisa aliyekuwa jirani yetu alitangaza kwamba ule ulikuwa ujanja wa Shetani. Akataka wote waliodanganywa waje mbele wakanushe. Wanawake wakatoka mmoja mmoja, wakasema hawakuona kitu. Mama naye akasema hivyo, macho chini.

Zamu yangu ikafika.

"Mimi niliona," nikasema.

"Uliona nini, binti?"

"Sijui."

"Kama hujui, unasemaje uliona?"

"Kwa sababu nilikuwa natazama."

Kabla ya wimbo wa mwisho nilikuwa nimeshaondolewa kwenye kwaya. Nilivua kitambaa changu cheupe mwenyewe, sikungoja kuvuliwa.

Shuleni, mwalimu wa fizikia alisema ilikuwa ndege. Nikamuuliza ni ndege gani inayosimama hewani kimya. Darasa likacheka, na yeye akacheka nalo. Nikaenda maktaba kutafuta mwenyewe, nikafungua kitabu cha nyota. Mwanga wangu sikuupata humo. Nilipata picha za galaksi, nyota zikiwa nyingi hadi zinaonekana kama unga uliomwagika, na za nebula, mawingu mekundu na ya buluu yaliyo mapana kuliko akili yangu ilivyoweza kushika. Nilisoma nimesimama mpaka nikaambiwa wanafunga. Nilitoka nikiwa na hasira. Mbingu zote hizo, na mtu wa laini yetu ananiamuru niseme sikuona?

Jioni moja wiki hiyo, mzee alikuja nyumbani kutaka nitubu. Stima zilikuwa zimepotea tena. Baba, mtu wa reli asiyependa maneno na majirani, aliniambia, "Omba msamaha yaishe. Unatuaibisha."

"Siombi, baba."

Mama alikuwa akimimina chai. Akaweka birika chini. "Asiombe," alisema. "Aliona. Hata mimi niliona, na mbele ya kanisa nikasema uongo. Huo ndio ninaotubu."

Mzee alimtazama baba. Baba akatazama kikombe chake. Mgeni wetu akaondoka bila kuonja chai.

Tangu siku hiyo nimeulizwa mara nyingi ule mwanga ulikuwa nini, na jibu langu ni lile lile: sijui, na niliona.

Jioni ile, mlango ulipofungwa nyuma ya mzee, mama aliniuliza kile kitabu cha maktaba nilichomweleza kinasema nini. Nikamtoa nje. Nikamwonyesha nyota tatu zilizojipanga mstari, na karibu nazo doa hafifu kama pumzi kwenye kioo.

"Hilo ni wingu," nikasema. "Nyota huzaliwa humo."

Alitazama kwa muda. Mlango wa mzee ukafunguliwa, akasimama pale akitusikiliza. Mama hakugeuka wala hakushusha sauti.

"Nionyeshe tena," alisema.