Bosko Anakwenda Krismasi

Wengi hukunja pua wakisikia harufu ya mbwa aliyeloa ndani ya gari lililofungwa vioo. Mimi, nikwambie ukweli, huivuta mpaka ndani. Juzi jirani yangu hapa Moshi mjini alinipa lifti, mbwa wake akiwa kiti cha nyuma anadondosha maji, na kabla hatujafika mbali nilikuwa na miaka tisa tena. Kichwa cha mbwa kiko mapajani mwangu, na tunatoka Kampala kwenda nyumbani.

Nyumbani lilikuwa neno la baba. Mimi nilizaliwa Kampala, alikokuwa fundi wa majokofu, na kwao mlimani, upande wa Moshi, nilikuwa nimefika mara moja tu, nikiwa mtoto wa kubebwa. Sikuwa na kaka wala dada. Shuleni wenzangu walicheza kwa Kiganda, na Kiganda changu kilikuwa cha kununulia ndizi, basi. Mapumziko niliyapitisha ukutani nikijifanya nafunga kamba za viatu. Mtu wa kuzungumza naye alikuwa Bosko. Nilimlea kwa Kiswahili tangu akiwa kitoto, na nilikuwa na hakika kwamba Kampala nzima hakuna mbwa mwingine aliyejua maana ya "sogea huko". Baba aliposema mwaka ule Bosko naye anakwenda Krismasi, sikuuliza kwa nini. Nilidhani wamenionea huruma.

Safari ilichukua siku tatu. Mpakani Busia niligundua kwamba Bosko ana karatasi nyingi kuliko mimi: cheti cha chanjo ya kichaa, barua ya daktari wa mifugo, kibali cha kuingia Kenya na kingine cha kuingia Tanzania. Mimi nilikuwa jina tu kwenye pasi ya mama. Kisumu, kwenye nyumba ya wageni isiyotaka wanyama, mama yangu, mwanakwaya wa kuheshimika, alimwingiza ndani amemfunika kitenge kama mtoto mgonjwa. Tulipopita Nakuru mvua ilinyesha, Bosko akashuka kujisaidia akarudi ameloa chapachapa, na mama akalalamika harufu mpaka Nairobi. Namanga afisa alimchungulia dirishani, akauliza, "Na huyu anakwenda kufanya nini Tanzania?"

"Anakwenda Krismasi," baba akajibu.

Afisa alicheka, nami nikacheka. Mama alitazama upande mwingine. Nilidhani bado amekasirikia ile harufu.

Kwa Sadala tuliacha barabara kuu tukaanza kupanda. Baridi ikaingia, migomba ikasogea mpaka ubavuni mwa gari. Bibi, mama yake baba, alikuwa amesimama mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo, kwenye ule mstari wa mimea ya masale unaotenganisha shamba letu na la jirani. Nilimpa shikamoo. Alinishika uso kwa mikono iliyonukia maziwa na moshi, akasema maneno mengi ya Kichagga, kisha akanionea huruma, akageukia Kiswahili: "Karibu nyumbani, mae." Babu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na bibi alibaki peke yake na ng'ombe wawili.

Wiki ile lakini nyumba ilifurika. Kaka zake baba walikuja na familia zao kutoka Dar na Mwanza, mbuzi wakachinjwa, mbege ikanywewa, binamu zangu wakachekeshana kwa Kichagga. Nikajikuta ukutani tena, safari hii ukuta wa banda la ng'ombe, na Bosko miguuni. Nilikuwa mpweke kwetu kama nilivyokuwa mpweke ugenini, na jambo hilo lilinishangaza sana.

Siku moja jirani alikuja ameshika jani la isale lililofungwa fundo. Ng'ombe wake alikuwa amevamia mahindi ya bibi. Alilitoa kwa mikono miwili, bibi akalipokea, yakaisha. Binamu mmoja alininong'oneza, "Ukiletewa isale huwezi kukataa." Katika mila yote ile mimi nilibakiza maneno mawili ya mwisho.

Baada ya mwaka mpya magari yaliondoka moja moja, letu likawa la mwisho. Asubuhi hiyo nilimkuta baba akipakia ndizi na maparachichi. Bosko alikuwa amefungwa kamba kwenye nguzo ya banda.

"Huyu atabaki na bibi," baba alisema, akiyapanga maparachichi ambayo yalikuwa yamekwisha pangika.

Sikulia. Nilikimbia mpakani, nikachuma isale, nikalifunga fundo nilivyoweza, nikampelekea baba kwa mikono miwili. "Naomba Bosko."

Bibi alitabasamu. "Isale si la kuombea kitu, mjukuu wangu. Hulileta aliyekosa."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Baba alilishika lile jani. Kisha akachuchumaa mbele yangu na kunirudishia, naye kwa mikono miwili.

"Basi lipokee wewe," akasema. "Mimi ndiye niliyekosa."

Nililipokea, kwa kuwa sikujua kama inawezekana kutolipokea. Nilikuwa na hasira naye na nilikuwa nimemsamehe, vyote pamoja, na hivyo ndivyo nilivyovuka Namanga. Kiti cha nyuma kilikuwa kikubwa mno. Januari nilirudi kwenye kamba zangu za viatu, na jioni nikifika nyumbani hakukuwa na wa kumwambia sogea huko.

Ilinichukua miaka kujua kwamba baba alikuwa kitinda mimba. Kwetu kihamba hubaki kwa mtoto wa kiume wa mwisho, na mama hubaki naye. Wale kaka zake wa Dar na Mwanza waliondoka kwa haki yao. Yeye ndiye aliyepaswa kuwa pale kila jioni, akiwakatia ng'ombe majani, akila mtori na mama yake. Alichagua majokofu ya watu wa Kampala. Hakuweza kurudi, akamletea mama yake mbwa.

Bibi alifariki mwaka wa nne baada ya Krismasi ile, na katika miaka hiyo sikumwona baba akimchumia isale. Ninapomkumbuka amechuchumaa mbele yangu, naona jambo ambalo mtoto hakuliona. Aliyekosewa alikuwa amesimama nyuma yake hatua mbili, anamkuna Bosko masikio, anasubiri tuondoke.