Kichuguu cha Nyuma ya Nyumba

Ipo siku moja naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu. Nilikuwa bibi harusi mpya hapa Butiama, nimetoka Kisorya kwenye samaki. Sisi wa ziwani uyoga tulikuwaga tunausikia tu. Nilipoambiwa huku kuna mboga inajiotea yenyewe mvua ikinyesha, nilicheka, na mawifi wakanicheka zaidi, eti mtoto wa sato anaogopa mboga isiyo na miiba. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi walinipa siku ya kwanza. Haya tuyaache.

Nyuma ya nyumba ya mama mkwe palikuwa na kichuguu kirefu kuliko mtu. Mume wangu Magesa alitaka kukibomoa apate udongo wa tofali, maana udongo wa kichuguu unashikana vizuri, fundi yeyote anajua. Nyumba aliyotaka kujenga ilikuwa yetu sisi wawili, na mimi ndiye niliyemhimiza. Nilichoka kulala chumba kimoja na mbuzi. Mama mkwe hakukataza. Alimwomba tu asubiri mvua za kwanza.

Mwaka ule njaa ilibana. Muhogo ulikuwepo, mboga hakuna. Watoto walichovya ugali kwenye maji ya chumvi. Mvua ikaja. Asubuhi Magesa akabeba jembe, tukakuta kichuguu cheupe ubavu mzima, uyoga umefumuka. Mama mkwe hakuchuma hata mmoja. Desturi ya hapa, anayeuona kwanza anaita majirani, hata kama kichuguu kiko kwake. Akapiga vigelegele. Wakaja na ungo na mabakuli, pamoja na mjane mmoja wa ng'ambo ya mto na wanawe. Wote wakamtazama Magesa na jembe lake.

Mama akamwambia taratibu, "Piga, mwanangu. Ila kwanza waambie hawa mwakani watakula nini."

Magesa akaangalia chini. "Na nyumba, mama?"

"Udongo hata mtoni upo. Uyoga huu umewahi kuuona mtoni?"

Yule mjane akadakia, kama anaona aibu kuliweka jembe chini, ampe yeye akalimie. Watu wakacheka, na Magesa naye. Akaenda kuchimba mtoni, mbali, na mimi nikalala na mbuzi msimu mwingine. Mama mkwe akanishika mkono akanifundisha: vuta polepole, usifukue, uliokwisha kufungua mwavuli uache, usioujua usiuguse hata uwe mzuri namna gani.

Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mimi niliyeucheka uyoga, wanangu wote wamekuzwa nao. Leo wajukuu wanaukausha, wanaupeleka sokoni Musoma, na sare za shule zinatoka hapo hapo. Sasa juzi amekuja mtu na tela la trekta, anautaka udongo wa kichuguu kile kile. Mjukuu wangu ananiuliza amjibu nini, nami namwambia haya haya ninayokuambia wewe.

Mwanangu, nyumba inaweza kungoja. Kitu kinachokulisha na hukukipanda, usikibomoe kwa shida ya mwaka mmoja. Na kabla hujainua jembe, waite wanaokula hapo, wasimame mbele yako. Mungu akujalie nyumba imara ya udongo wa mtoni, na mvua za kwanza zikikukuta, zikukute una jambo la kuwaitia majirani.