Fuvu Nje ya Geti

Kinyozi alishika vichwa vya watu miaka arobaini na miwili. Hakuwahi kufikiri kwamba uzeeni atakuja kufundishwa kichwa ni kitu gani.

Alihamia kwa bintiye baada ya kumzika mkewe. Ilikuwa nyumba ya ghorofa ya nne, vyumba viwili, mlango wa mbao na nje yake geti la nondo. Wiki ya kwanza alitoka kunyoosha miguu akapotea, akarudishwa jioni na muuza magazeti. Tangu hapo binti, ambaye ni mshonaji kiwandani, akienda kazini alifunga geti na kuondoka na ufunguo.

"Ni kwa usalama wako, Baba."

"Hata kuku huambiwa hivyo," mzee alimjibu.

Mlango wa mbao aliuacha wazi kutwa. Akakaa kwenye kiti nyuma ya nondo, akiwatambua wapanda ngazi kwa visigino vyao.

Mwezi wa saba tangu mazishi, asubuhi moja akipiga mswaki, alimtafuta mkewe kichwani asimwone. Sauti ipo. Mikono ipo. Uso umefutika. Picha zao zote zilikuwa zimegandamana sandukuni mvua ilipovuja. Ilibaki moja tu, ya kitambulisho, ambayo marehemu mwenyewe alisema inamwonyesha kama mwizi wa mbuzi. Mzee alishikwa na woga ambao hakuupata hata makaburini. Akichelewa kidogo, hata hicho kilichobaki kitakwenda.

Akaomba penseli na karatasi. Alichora siku tatu. Vilivyotoka ni viazi vyenye macho.

Jirani wa mlango wa pili alikuwa mama mmoja mchoraji, aliyechora mifupa kwenye vitabu vya wanafunzi wa udaktari. Alipita na kapu lake, akachungulia kati ya nondo.

"Mzee wangu, huyu nani?"

"Mke wangu."

"Mungu amsamehe aliyemchora." Kisha akamwona mzee usoni, utani ukamwisha. "Unaanza na nyama, ndiyo maana. Uso umetundikwa kwenye mfupa. Jifunze fuvu kwanza."

Akaleta fuvu la plasta. Akajaribu kulipitisha kwenye nondo, likagoma. Akalilaza ubavu, likagoma. Basi akaliweka juu ya stuli palepale nje, usawa wa macho ya mzee, mwenyewe akakaa kwenye ngazi.

"Chora unachokiona."

Mzee akachora. Mchoraji akaipokea karatasi, akaigeuza huku, akaigeuza kule, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Hili umelionea wapi? Darini?"

Ni kweli. Fuvu lilikuwa linamkodolea ana kwa ana, lakini yeye alikuwa amechora utosi mpana na kisogo, uso umezama chini, hauonekani. Ndivyo kinyozi anavyokiona kichwa, mteja akiinama.

"Mkono umezoea," akasema kwa aibu.

"Uzoeshe mengine."

Wakaenda hivyo wiki tatu. Alijifunza kwamba macho yako katikati ya kichwa, si juu kama alivyodhani maisha yake yote. Alijifunza kwamba taya ni mfupa wa peke yake. Nondo zililikata fuvu vipande vitatu, na pale jicho lilipokwama alitoa mkono nje akapapasa. Lakini kila mchoro ulioanzia mbele uliishia nyuma. Mkono ulimrudisha kama punda anayejua nyumbani.

"Uso tutaweka lini, mwalimu?"

"Fuvu likikaa sawa."

"Sina muda huo. Huyu mtu anaondoka."

Mchoraji akamchongea penseli.

Siku moja umeme ulikatika kiwandani, binti akarudi mapema. Akafika ghorofa ya nne, akakuta fuvu limekaa mlangoni kwake. Ukelele alioupiga ulisikika mpaka chini kwa fundi viatu.

"Nani kaweka kichwa cha mtu hapa?"

"Cha plasta, mwanangu," mchoraji akasema.

"Hata kiwe cha sukari! Mama, sisi tumetoka kuzika juzi. Unamletea baba yangu fuvu?"

"Nimeliomba mimi," mzee akasema.

"Baba, wewe huombi vitu kama hivi. Wewe unaomba chai."

Mchoraji akalikumbatia fuvu lake, akaingia kwake. Kesho yake binti alipoondoka alifunga geti, na mlango wa mbao akaufunga pia. Mzee sasa hakuwa hata na ngazi.

Alibaki na kichwa kimoja tu, chake. Akafumba macho akakipapasa. Taya. Mashavu. Paji. Mkono ukapanda utosini, ukashuka kisogoni, ukasimama. Vidole vilikuwa vimekumbuka kichwa kingine.

Dawa za hospitali zilipompukutisha mkewe nywele, yeye ndiye aliyemnyoa zilizobaki, kila Jumapili, miezi mitano. Mke alikaa kwenye kigoda akimpa mgongo.

"Baki hukohuko nyuma, mume wangu. Ukija mbele nitaona unavyonitazama."

Naye akabaki. Alimnyoa, akamfuta kwa taulo, akampaka mafuta, asizunguke mbele. Hata chakula alimwekea akiwa anatazama sahani. Akaendelea hivyo mpaka siku ya mwisho, akidhani anamtii.

Mzee akachukua penseli. Hakufuta hata mstari mmoja. Kisogo kilichobonyea kidogo upande wa kushoto. Mishipa miwili ya shingo. Kovu nyuma ya sikio la kulia, alipomkata siku ambayo wembe ulimteleza.

Binti aliporudi, begi bado liko begani, aliiona karatasi mezani. Akaishika kwa mikono miwili.

"Mama huyu," akasema.

Mzee akaitikia kwa kichwa.

"Kweli kabisa ni Mama." Akavuta kamasi, akacheka kidogo. "Haya mgeuze basi, Baba. Nimwone."

"Nahangaika naye tangu saa nne," mzee akasema. "Hataki."

Binti akaigeuza karatasi. Upande wa pili ulikuwa mweupe.