Nilipoitwa Kwenye Kura

Sisi wa Ngara herufi L na R tumeziacha zilale kitanda kimoja. Anayekwenda kulala husema anakwenda kurara, na hakuna anayeshangaa. Mimi nilichapwa sana shuleni kwa ajili ya herufi hizo, lakini nikikasirika zinachanganyika vilevile. Kwa hiyo kosa lililotokea kigangoni kwetu Kirushya halikuwa la mwenyekiti peke yake. Nusu lilikuwa la sikio langu, maana sikio lenye hamu husikia linachotaka.

Mwenyekiti wa jumuiya yetu ni kijana mwenye bidii, siku za kazi anaendesha bodaboda. Jumapili moja, wakati wa matangazo, alisimama akasema, "Jumapiri ijayo wazee wote mbaki baada ya misa, kwa ajiri ya kura."

Moyo wangu uliruka. Jumuiya hiyo niliiongoza miaka mingi. Msiba ukitokea, mimi ndiye niliyeanzisha sala. Watu wakigombania mpaka wa shamba, waliletwa kwangu kabla ya kupelekwa kwa mtendaji wa kijiji. Halafu goti langu likaanza kuvimba, nikakosa mikutano kadhaa, wakachagua watu wapya. Walisema, "Mama apumzike." Neno hilo silipendi. Mtu anayetaka kupumzika hupumzika mwenyewe, mimi nilipumzishwa. Tangu hapo nilikaa benchi la nyuma nikijiuliza kama Mungu naye ananihesabu kati ya waliomaliza kazi. Sasa niliposikia kura, na kwamba wazee ndio wanaotakiwa, nilijua wamekwama na wananirudia.

Wiki nzima nilikuwa mwepesi. Nilifua kitenge changu kizuri, nikakipiga pasi ya mkaa, nikaandaa na maneno ya kushukuru. Nilipanga kuanza kwa kukataa kidogo, kama inavyotakiwa, halafu nikubali.

Misa ilipokwisha tulibaki. Nikaona wasichana wanaleta ndoo ya maji ya kunawa. Nyuma yao zikaja sufuria mbili, moja ya wali, moja ya nyama iliyopikwa na ndizi. Mwenyekiti alitabasamu akasema vijana wameona vema wazee wasiojiweza wapate mlo mzuri siku moja. Niligeuka kumwangalia huyo mzee asiyejiweza ni nani, nikakuta sahani imewekwa mbele yangu.

Sijawahi kuona aibu namna hiyo. Nilikuwa nimekuja kuchaguliwa, nikawekewa wali. Mwenyekiti aliniomba nibariki chakula, nikamwambia koo linaniuma. Wazee wenzangu walikula kwa furaha, na hawakuwa na kosa lolote. Mimi nilikuwa natafuta njia ya kuondoka bila kuonekana nimesusa, na njia ikapatikana. Mwenyekiti alikuwa anauliza nani apeleke chakula kwa bibi mmoja aliyepooza, ambaye hatoki kitandani. Bibi huyo alikuja kuolewa hapa kwetu zamani sana, akitokea Biharamulo, na mpaka leo tunamwita wa Biharamulo. Nikasema nitapeleka mimi. Mwenyekiti akaliangalia goti langu. Nikamwambia goti ni langu, na nikabeba hotipoti.

Njia ya kwake inapita katikati ya migomba, inateremka hadi kijito kisha inapanda. Nilitembea nikinung'unika. Nilimwambia Mungu wazi kwamba kama amenimaliza anichukue, kuliko kuniacha niwe mtu wa kuwekewa sahani. Nilisema kwa sauti, na mwanamke aliyekuwa anapalilia maharage alisimama akanitazama. Nikamsalimia tu nikapita.

Mkwe wa bibi aliniingiza ndani. Nikamwambia bibi shikamoo, akaitikia marahaba, akaniita mwanangu. Nina wajukuu wenye ndevu; mara ya mwisho kuitwa mwanangu siikumbuki, na nilipenda. Tuliongea kwa lugha ya nyumbani. Hotipoti hakuiangalia. Aliuliza, "Umeleta nia gani?"

Nikadhani anauliza nilichobeba. Nikamwambia nimeleta wali.

"Wali nimesikia harufu yake. Nauliza nia. Kila anayeingia hapa ananiachia jambo la kuombea. Mimi ndiyo kazi yangu."

Akanieleza kazi yake kama mtu anayeeleza shamba lake. Saa hana, anafuata masikio. Kengele ya shule ikigonga, anaanza na wanafunzi, hasa wanaovuka kijito. Jua likiwa kali na kelele zikipungua, ni zamu ya wanawake wenye mimba. Mbuzi wakirudishwa, anawaombea waliokwenda machimboni na hawapigi simu. Usiku analala kama watu wengine. Siku nyingine anasinzia katikati ya rozari, akiamka anaendelea alipofikia, na kama hakumbuki alipofikia anaanza upya.

"Sasa, nia yako?"

Niliona aibu. Nikasema, "Goti."

"Goti nitaliombea. Na ile nyingine?"

Sijui alijuaje. Labda uso wangu ulikuwa bado una kura. Nikamwambia yote, tangazo, kitenge, wali. Nikamwambia sitaki kuwa mtu wa kuwekewa sahani. Alicheka mpaka mkwe wake akachungulia mlangoni. Alipomaliza akasema, bila ukali, "Mwanangu, mimi nawekewa sahani, nalishwa, nageuzwa, nafutwa. Hakuna hata siku moja sahani imenizuia kufanya kazi."

Nilifungua hotipoti nikamlisha, kijiko kwa kijiko, na alikula vizuri sana. Nilipoinuka kuaga akaniambia, "Kesho uje. Wanafunzi wamekuwa wengi, wananizidi."

Nikaenda kesho yake, na siku zilizofuata. Asubuhi nilimaliza kuwamwagia kuku mahindi, nikashuka bondeni na fimbo yangu. Nisiseme tulikuwa malaika. Alinilaumu kwamba nasali haraka kama mtu aliyeacha chungu motoni. Nami nilimwambia kwamba yeye akisinzia si haki kunirudisha mwanzo. Lakini kengele ilipogonga tulinyamaza wote wawili, tukaanza, na nilisikia ndani yangu kile nilichokuwa nakisikia zamani nilipoamka alfajiri na shamba linaningoja. Nilikuwa na furaha. Mpaka leo nashangaa kwamba ilikuwa nyepesi hivyo.

Watu wakajua. Wakaanza kunisimamisha kisimani, sokoni, mlangoni mwa kanisa, wananinong'oneza mambo yao nimpelekee. Hata mwenyekiti alisimamisha pikipiki siku moja. Alisema mke wake ameharibikiwa na mimba mara mbili na sasa ana nyingine. "Mama, umwambie bibi asari sana," akasema. Nikamjibu kwamba tutasali mimi na bibi. Hilo *mimi* nililisema kwa nguvu kidogo.

Mvua za masika zilipokuja, kijito kilijaa, na goti langu likavimba kama boga. Nililala kitandani. Siku ya kwanza nilijipa moyo. Siku zilizofuata nilianza kugeukia ukuta. Mkwe wangu aliniletea uji, akaweka kikombe karibu na mkono wangu, akaniambia maneno yale yale: nipumzike. Kengele ya shule niliisikia vizuri, maana shule iko karibu zaidi na kwangu kuliko na kwa bibi, na kila ilipogonga nilijifunika shuka kichwani. Nilijiambia haya, ndiyo mwisho wako, umerudi kwenye sahani. Nililia, na sikutaka mtu anione.

Asubuhi moja mvua ilikatika, akaja mkwe wa bibi, miguu imejaa matope mpaka magotini. Nilijua amekuja kunipa pole. Nikajiandaa kuipokea vibaya.

Hakunipa pole. Alisimama mlangoni, kwa sababu ya matope, akasema, "Shikamoo mama. Bibi anasema ameshika wenye mimba na wa machimboni, wanafunzi alikuachia wewe. Anauliza unawaombea huko huko kitandani, au siku zote hizi wamekaa bure?"

Nikamwambia, "Mwambie nawaombea."

Akaondoka. Na kwa kuwa sikutaka kumdanganya mgonjwa, nikaugeuzia ukuta mgongo, nikatafuta rozari chini ya mto, nikaanza.