Kijiti cha Mbele

Kifurushi alichonitumia shangazi kutoka Muleba kilinukia mafuta ya cherehani kabla sijakifungua. Nilikiweka mezani hapa Buhembe, kando ya rasimu ya tasnifu yangu, nikijua ni vitabu vya Babu, ambaye tulimzika mwezi uliopita. Vitabu vilikuwamo. Chini yake, ndani ya kitambaa, kilikuwamo kipande cha shaba ya njano, kirefu kama kidole changu cha kati, kimebonyea upande mmoja. Tangu siku hiyo sijaandika hata ukurasa wa tasnifu. Naomba niwaeleze ninyi, kwa kuwa niliyepaswa kumweleza hayupo.

Babu alikuwa na bunduki yenye leseni, na ndiye aliyeitwa kijijini nguruwe pori walipovamia mihogo. Nilikuwa na miaka tisa, na nilipenda kukaa naye barazani akiisafisha, ikiwa tupu, risasi zikiwa zimefungiwa kabatini. Juu ya ncha ya mtutu palikuwa na kijiti kifupi cha chuma kilichochomekwa katika mfuo. Nyuma, karibu na jicho, palikuwa na kibati chenye pengo. Mlengaji alitazama kupitia pengo mpaka kijiti kikae katikati yake. Vyote viwili viliweza kusogezwa pembeni kwa kugongwa taratibu, ila nyundo haikuruhusiwa kugusa chuma: ilipiga shaba, na shaba ndiyo iliyosukuma. Shaba ni laini, alisema Babu, hukubali kubonyea yenyewe ili chuma kisiumie.

"Hiki cha nyuma ni kitiifu, Koku. Ukikisogeza, risasi inakifuata. Cha mbele ni kibishi kama bibi yako."

"Nimesikia," alisema Bibi, akiendelea kumenya ndizi.

Nilicheka sana, na kwa kucheka nikayakosa maelezo yaliyofuata.

Jumamosi moja Babu aliijaribu bunduki kwenye rweya, ile nyika ya majani inayoanzia migomba inapoishia. Alirudi akisema risasi inakwenda kulia kwa upana wa kiganja. Angeirekebisha kesho baada ya misa. Alipokwenda kuoga, niliona nimwandalie jambo la kumfurahisha. Nilitaka risasi irudi kushoto, kwa hiyo nikaweka shaba na kukigonga kijiti cha mbele kuelekea kushoto. Mara tatu. Nikapima kwa rula ya shule, nikaridhika.

Jioni hiyohiyo jirani yetu, Ta Anatoli, kama tunavyowaita wazee kwa heshima, alipiga yowe: mbwa wake alikuwa amemzuia nguruwe shambani. Babu akabeba bunduki, nami nikamfuata kimyakimya. Mbwa alisimama upande wa kulia, pua kwa pua na nguruwe. Babu alilenga kushoto kidogo, kufidia kile kiganja. Mlio ulipotulia, nguruwe alikuwa anakimbia na mbwa amelala.

"Ta Deo," Ta Anatoli alimwambia Babu polepole, "mbwa wangu anafanana na nguruwe?"

Babu alipitisha kidole gumba juu ya kijiti, akakiacha hapo kwa muda. Aliwatazama watu wote waliokuwapo, isipokuwa mimi.

"Waitu, ndugu zangu, ni macho," alisema. "Macho yangu yamekwisha."

Nilikimbia nyumbani kabla yake, nikaifukia ile shaba chini ya mti wa kahawa.

Bunduki aliirudisha polisi Muleba. Vijana wakawa wakisema, "Mwiteni Ta Deo, ila fungeni mbwa kwanza," naye alicheka pamoja nao. Kisha, kwa kuwa mtu asiyeona hawezi kusoma, aliacha kusoma masomo kanisani, kazi aliyoipenda kuliko zote, ambayo kwa wiki nzima aliifanyia mazoezi kwa sauti kati ya migomba. Miwani aliikataa. Badala yake, kila Jumamosi alinikalisha barazani nimsomee.

Nilimwona akichambua kahawa, akitoa punje zilizotobolewa na wadudu bila kukosea, nikajiambia kwamba vidole vyake vina uzoefu. Nilikuwa na maelezo ya kila kitu. Sekondari, nikichora mistari ya jiometri, nilielewa hatimaye ubishi wa kijiti cha mbele: kikisogezwa kushoto, mlengaji huupeleka mtutu kulia ili kukirudisha katikati ya pengo. Siku hiyo nililijua kosa langu kwa vipimo. Lakini niliamini bado kwamba nalijua peke yangu.

Shaba iliyokaa ardhini huota kutu ya kijani. Hii inang'aa, na mafuta yake ni mabichi. Aliifukua, sijui lini, akaipaka mafuta miaka yote hiyo. Nimejiuliza kama alikuwa ananisitiri au ananisubiri, na kila ninapodhani nimepata jibu, naikumbuka baraza ile. Nilipofunga kitabu, Jumamosi baada ya Jumamosi, aliniuliza kwa upole, "Kuna kingine, Koku?"

Nami nilimjibu, "Hapana, Babu. Somo limekwisha."