Ngoma ya Kupima Damu

Wateja wa duka langu la dawa hapa Manyamanyama wananionaga kichaa. Mwanamke akija kununua dawa ya kichwa, kabla hajataja shida yake nishamshusha kope nitazame wekundu wa jicho. Wengine wananisonya. Wasonye tu. Duka nililifungua biashara zilipoachiwa watu binafsi, utafiti nikautupa mbali, na sababu ni kope moja niliyoiona nyeupe pe, halafu nikaandika kwenye fomu kwamba mwenye nayo amepona. Mwenye nayo alikuwa Nyamburi, shangazi yangu, dada wa baba yangu.

Nilikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu Dar es Salaam, nasomea utafiti wa tiba. Ilibaki nafasi ya somo moja la nyongeza, nikachukua somo la awali la ngoma. Uvivu mtupu. Nilidhani msichana aliyekulia Butiama hana cha kufundishwa kuhusu kutikisa mabega. Kumbe kule tulikuwaga tunahesabiana mapigo ya moyo kabla ya kucheza na baada ya kucheza, na kuandika mtu amechoka dakika ya ngapi. Humo ndimo nilimookota wazo langu, na nalilaani mpaka leo.

Ilikuwa themanini na nne. Sabuni kwa foleni, petroli kwa kibali, na maabara yetu haikuwa na dawa ya kupimia wingi wa damu. Mimi nilitakiwa kuonyesha kama vidonge vya minyoo na vya kuongeza damu vinawasaidia wanawake wenye safura kule Suguti, alikoolewa shangazi. Nikamwambia msimamizi wangu kuwa mwenye safura hawezi kucheza robo saa. Tuwachezeshe kabla ya vidonge, tuwachezeshe tena baada ya mwezi, atakayefika mwisho amepata nafuu. Akanisifu mbele ya darasa. Nikavimba kichwa.

Mara ya kwanza nilifanya vizuri, sijisingizii. Mmoja mmoja, ndani ya darasa la shule, mimi napiga makofi na kutazama saa. Kati ya wanawake thelathini na wawili, ishirini walikaa chini kabla ya wakati. Shangazi alikaa dakika ya tano, anahema, anajicheka.

Mwezi ulipokwisha, petroli ilitosha siku moja tu. Msimamizi akaja nami, akasimama kando ya gari akitazama saa yake. Mmoja mmoja tusingemaliza. Basi nikamwita Selestina, mwimbishaji wa ngoma pale Suguti, nikawapanga wanawake wote mstari mmoja.

Hapo nilikosea, tena nilikosea nikijua. Kwetu mwanamke akishaingia mstarini hatoki mpaka mwimbishaji ashushe usinga wake. Akitoka kabla, atasemwa kisimani mwaka mzima, yeye na watoto wake. Mama yangu aliwahi kucheza na jipu mguuni mpaka mwisho. Nilijua yote hayo, nikanyamaza, maana nilitaka kumaliza na nilitaka alama.

Wote thelathini na wawili walifika mwisho.

Shangazi alikuwa wa nne kutoka nyuma. Midomo imepauka, jasho linamtiririka, na kila akinipita ananitabasamia. Ngoma ilipokwisha nilimshusha kope nikaona. Nikamuuliza anajisikiaje, akasema mzima. Nami nikaandika mzima. Vidonge vya awamu ya pili vilikuwa vya wale watakaoshindwa kumaliza, na kwa kuwa hakuna aliyeshindwa, makopo mawili yaliyojaa tuliyarudisha Dar es Salaam. Jamani, makopo mawili. Moja tu lingemtosha yeye na majirani zake.

Nilipata alama ya juu kuliko wote. Februari ikaja barua ya Kasmiri, mume wa shangazi, kwamba mkewe ameanguka akipalilia mihogo na amelazwa Musoma. Nikapanda treni mpaka Mwanza, kisha basi, na njia nzima najifundisha maneno ya kuombea msamaha.

Nilimkuta siku nne kabla hajafa, ingawa siku ile sikujua ni nne. Alikuwa ameongezewa damu chupa mbili, ila daktari alishaniambia moyo wake umechoka. Nikapiga magoti kwenye sakafu ya wodi, nikamwambia kila kitu: kwamba nilibadilisha kipimo, kwamba niliitumia aibu yake ya kutoka mstarini, kwamba kope niliiona. Nililia. Nilitaka anitukane.

Akanishika kichwa.

"Mwanangu, aibu gani?" akasema. "Selestina aliniona, akaninong'oneza nikae, hakuna atakayenisema. Nikakataa. Nilimsikia mkubwa wako pale kwenye gari akisema wakimaliza wote, binti amefaulu. Ningekaaje?"

Nikafuta machozi kwa ncha ya shuka lake.

"Kwani ulifaulu?"

Nikamwambia nilifaulu.

Uso wake wote ukafurahi. Akajiinua kwa kiwiko, akamwita nesi aliyekuwa kitanda cha tatu, akamwambia kwa sauti wodi nzima isikie kwamba huyu ndiye msomi wake, na kwamba mtihani ule mguu wake yeye umo ndani. Wagonjwa wakacheka. Nesi akaja akifuta mikono kwenye aproni, akanipa mkono wa pongezi, na mimi nikaupokea.